Tenga Juu ya Mguu wa Baba

Kizwite, Ijumaa alasiri

Mwanangu Desderia,

Najua ukiona neno "mwanangu" utacheka mpaka utafute pa kukaa. Cheka kwanza, nakusubiri. Umenitangulia duniani kwa miezi mitatu, ukanitangulia kuota meno na kuvaa viatu vya kisigino, lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na mtoto wa dada ni mtoto. Shuleni ulikuwa unanipigia goti mbele ya wasichana wote, "Shikamoo, mama mdogo!" Wao wanaangua kicheko, mimi natafuta ukuta wa kujificha. Leo naudai umama huo kwa mara ya kwanza. Nina jambo ambalo rafiki hawezi kumwambia rafiki. Labda mama anaweza.

Umekwenda Mazwi kuaga. Baba yangu, yaani babu yako, amelala chumbani kwake, mlango nimeuacha wazi ili nimsikie. Mimi nimekaa juu ya gunia la mahindi na daftari mapajani. Sitakuambia namna ya kufunga begi, wala ukae upande gani wa basi la Mbeya jua lisikuchome. Hayo umeambiwa na kila mtu tangu Jumatatu, na mengine wewe ndiye uliyenifundisha mimi.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kifipa ningeona haya, kwa sababu ndiyo lugha ambayo baba ananiitia nilete maji. Kwa Kiingereza ningeogopa kalamu nyekundu ya mwalimu. Na kwa mdomo, wewe unanijua. Neno linafika kooni linakaa chini, halitoki mpaka wageni waondoke.

Jana ulipokuwa unakunja nguo ulisema, bila kuniangalia, "Mama mdogo, basi nitapanda kwa sababu tiketi imeshakatwa. Lakini chuo cha uuguzi siendi. Nitakaa kwa mjomba huko Mbeya nijifunze kupiga chapa. Mtu aliyemtembeza babu yake mpaka akamlaza kitandani hana haki ya kushika mgonjwa."

Nikasema, "Utajua mwenyewe." Nikaendelea kuchambua maharage.

Desderia, si wewe uliyemlaza babu kitandani. Ni mimi. Na jana, uliposema huendi, kitu ndani yangu kilicheka. Maharage yale niliyachambua mara mbili, nikatupa mazima nikaacha mabovu, kwa furaha ambayo sitaki kuificha tena.

Ngoja nianze mbali kidogo, ndiyo njia pekee ninayoijua.

Unakumbuka baba alivyokuwa enzi za ushirika. Mpima mizani wa ghala, mtu wa shati jeupe na maneno machache, chakula chake ugali wa ulezi na maharage kama sisi wote. Biashara ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi yakaanza kupanda huku kwetu kutafuta mahindi, ghala likafungwa, baba akapunguzwa kazini. Tulidhani tumekwisha. Kumbe wenye malori walikuwa wanamtafuta, maana hakuna kijiji cha Ufipa ambacho hajui nani ana mahindi makavu na nani anamwagia maji yaongeze uzito. Wakawa hawamwachi. Kila lori likija ni nyama choma na bia za chupa, baba katikati ya meza, anacheka. Tukaona ni baraka. Halafu mwaka jana, mwezi wa sita, kidole gumba cha mguu kikaamka asubuhi moja kimevimba, kinang'aa kama kimepakwa mafuta, na moto wake unausikia kabla hujakigusa.

Asubuhi ile ndipo wivu wangu ulipozaliwa, naijua hata siku. Baridi ilikuwa ile ya kukausha midomo, upepo unapita chini ya mlango. Nilimwona baba anatetemeka, nikaenda kuchukua lile blanketi zito la marehemu mama, nikalikunja mara mbili, nikalichomeka miguuni mwake vizuri kabisa. Nilikuwa na furaha. Nilijua namtunza baba yangu.

Akapiga kelele, "Ondoa! Unaniua!"

Baba hajawahi kunipigia kelele maishani. Nilisimama na blanketi mkononi. Ndipo wewe ukaingia na tenga la kuku. Ulikuwa umelikung'uta na kulisugua kwa maji ya moto, bado linadondosha. Ukalipindua juu ya mguu wake kama kibanda, ukalitandika blanketi juu ya tenga, likamfunika bila kugusa kidole. "Haya mume wangu," ukamwambia, "sasa wewe ni kuku wangu. Ukitaga niite."

Akacheka. Mtu aliyekuwa analia kwa maumivu akacheka! Akalala mpaka saa sita.

Yule daktari aliyekuja kumtazama aliinua blanketi, akaliangalia tenga, akauliza, "Nani kafikiria hivi? Sisi hospitali tuna chuma cha kazi hiihii." Wewe ukajibu, "Ni sisi, mimi na mama mdogo." Desderia, hiyo "sisi" ilinichoma kuliko ungesema "mimi". Ulinigawia kitu ambacho wewe, mimi na baba tulijua si changu. Akakuambia palepale ufikirie uuguzi. Akatufundisha tusichue mguu ukiwa umevimba, tuuinue juu ya mto, tuweke kitambaa cha maji baridi, anywe maji mengi, aache bia, aache maini na figo, na tusimnunulie aspirini kienyeji, maana siku hizi kila kona ya mjini kuna duka la dawa na kila muuzaji anajiita daktari. Akasema ugonjwa unaitwa jongo. Alikuwa anasema yote hayo akikuangalia wewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na blanketi.

Tangu hapo ukawa mwenye mguu. Na desturi ikakusaidia. Wewe ni mjukuu, babu ni mume wako wa utani, unaweza kumvua soksi, kumkata kucha, kumwambia miguu yake inanuka kama mabibo. Yeye anakujibu, "Mke gani huyu, nitakurudisha kwenu Mpanda!" nanyi mnacheka mpaka jirani anauliza kuna nini. Mimi ni binti. Binti anapiga goti, anaweka chakula, anatoka. Nikiingia wakati umemkunjia suruali, baba anasema, kwa upole kabisa, "Yustina, tupishe kidogo." Tupishe! Mara ngapi nimewapisha? Nimekaa jikoni nikihesabu vicheko vyenu kupitia ukutani. Nilikuwa nikijiangalia mikono na kujiuliza ina kasoro gani.

Halafu tukajaza fomu za chuo pamoja, kwa kalamu moja, juu ya meza ileile. Jina likarudi moja. Ulinikumbatia ukalia, ukasema mwaka ujao ni zamu yangu. Nilikushukuru. Usiku huo niliomba Mungu upoteze vyeti.

Sasa nakuja kwenyewe.

Wiki mbili zilizopita, Ijumaa, mzee wa Kisukuma anayechunga huku juu alichinja dume, akaleta fungu lake la heshima kwa baba. Maini, figo zote mbili, na kipande cha moyo. Wewe ulikuwa mjini kufuatilia cheti cha afya. Ulikuwa umeshasema mara mia, vitu kama hivyo vikija tuwape jirani. Nilivishika kwenye sufuria nikasimama navyo. Baba akaita kutoka ndani, "Ni nini hicho kinachonukia damu?" Nikamwambia.

Kisha akasema, "Mama yako alikuwa anajua kuyakaanga."

Hakuniomba. Nataka ujue hivyo, hakuniomba. Lakini nilisikia kwamba hapo pana mlango ambao wewe huwezi kuingia. Wewe ndiye unayemnyima, basi mimi nitampa. Nikayakaanga kwa kitunguu na pilipili kama mama. Nikampelekea, nikapiga goti, nikaanza kurudi nyuma. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Alikula polepole, akalamba vidole, akaniangalia usoni, akasema, "Umepika kama mama yako hasa." Desderia, miaka minne tangu mama afe, baba hajawahi kututaja mama na mimi kwa pumzi moja.

Basi Jumamosi nikampa figo. Jumapili mkarudi misa, ukaenda kisimani, nami nikampa yaliyobaki, pamoja na bia mbili nilizomimina kwenye kikombe cha bati, juu nikafunika na sahani kama chai. Tulikuwa tunacheka chinichini, mimi na baba yangu. Alisema, "Askari wako akija tumekwisha." Askari alikuwa wewe. Nilicheka mpaka nikashika mdomo.

Jumanne alfajiri mguu ukalipuka.

Wewe ulikimbia na mto, ukakimbia na maji, ukapiga magoti pale kitandani, ukauliza huku machozi yanakutoka, "Babu, ni ile safari ya kanisani? Nilikutembeza sana, eti?" Maana Jumapili alitaka kwenda kwa miguu na wewe ukamshika mkono njia nzima. Yeye akaniangalia mimi juu ya bega lako. Mimi nikaangalia chini. Akasema, "Mguu ni mguu, mke wangu. Hauna sababu."

Alinificha. Baba yangu alikuwa kwenye maumivu yale na bado akanificha. Na unajua nilihisi nini? Sikuona aibu, si mwanzoni. Niliona raha. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kati yangu na baba, na wewe umesimama nje yake ukiwa umetupisha. Nimekitunza kitu hicho siku kumi kama mtoto anavyotunza peremende mfukoni. Nilikuona huli, nikakitunza. Nilikusikia unamwuliza daktari kama kutembea kunaweza kuleta jongo, naye akasema, "Inawezekana, kiungo kikichoshwa," nikakitunza. Jana ukasema huendi, nikachambua maharage.

Nimekuambia sasa. Mfuko wangu hauna kitu.

Mtu anayejiita mama anatakiwa atoe na wosia, lakini wosia wangu wote nimeupata kwa kufanya ubaya, kwa hiyo upime mwenyewe. Nilidhani kumpenda mgonjwa ni kumpa kile kinachomfanya akuangalie vizuri. Wewe unampenda hata akikununia. Ulimwondolea supu mdomoni wiki nzima mwezi wa pili, akakuita mchawi, ukamjibu, "Mchawi wako, kunywa maji." Mimi nisingeweza. Ningempa supu. Ndiyo maana jina lililorudi ni lako, na nimechukua muda mrefu kulikubali hilo, na leo hii ninapoliandika bado linanikera.

Lakini na wewe nina neno lako, usidhani utatoka hivihivi. Huko wodini utakuta mzee amelala na mguu wake, na pembeni amesimama binti ambaye hajui mikono yake aiweke wapi. Hatasema kitu. Utadhani hajali, au anaona kinyaa. Ukishamtengeneza mgonjwa vizuri na mgonjwa akakuchekea na kukuombea baraka, mwangalie yule binti. Mpe kitambaa alowanishe. Mwambie ashike mto. Usimwambie "sisi" mbele ya daktari, mpe kazi kabla daktari hajafika. Wewe una mikono mizuri, Desderia, lakini ulijaza chumba kizima. Hukukusudia. Nami sikuwahi kukuambia, nikawa nakuchukia jikoni, kwa adabu.

Nilikuwa nimefika hapo nikasikia baba anakoroma vibaya, nikaweka kalamu chini. Sasa nimerudi, na nina jambo jingine la kukueleza.

Hakuwa anakoroma. Alikuwa ameamka, tenga limeteleza, blanketi limeangukia kidole, na yeye anauma mto asipige kelele.

"Mwite mke wangu," akasema.

"Yuko Mazwi, baba."

"Atarudi lini?"

"Jioni."

Akafumba macho. "Na kesho wakati kama huu?"

"Kesho atakuwa amepita Tunduma."

Nikaona hapo ndipo pa kusema au nisiseme kabisa. Nikamwambia, nimesimama vilevile mlangoni, "Baba, nataka kumwambia Desi habari za maini."

"Maini gani?"

Nikamwangalia. Kisha akasema, "Na bia?"

"Na bia."

"Atanigombeza."

"Atakugombeza. Lakini anasema chuoni hatakwenda. Anadhani ni yeye aliyekuumiza, kwa kukutembeza. Anataka akapige chapa."

Baba aliinua kichwa. Sijawahi kumwona ameshtuka hivyo, hata siku ya barua ya kupunguzwa kazini. "Yule mtoto? Akapige chapa?" Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mwambie leo. Na mwambie vizuri. Wewe ulibeba bakuli tu, mdomo uliokula ni wangu. Nilinyamaza nikidhani nakusitiri wewe, kumbe namfukia yeye."

Halafu maumivu yakamrudia, akashika ukingo wa kitanda. Blanketi bado liko juu ya kidole. Niliangalia mlango kana kwamba utaingia. Baba naye aliangalia mlango. Hakuna aliyeingia.

Akageuza uso wake ukutani. "Haya," akasema. "Mimi naangalia ukuta. Fanya."

Nimefanya, Desi. Niliinua blanketi kama nilivyokuona unainua, kwa pembe mbili. Nikaupitisha mkono chini ya kisigino, si kwenye vidole, nikauinua mguu, nikausogeza mto kwa mkono mwingine. Hukuwahi kuniambia kwamba ni mwepesi. Miaka kumi na saba nimeupigia goti mguu huo, kumbe uzito wake ni wa kuku aliyekonda. Kisigino baridi, kidole moto. Nikalowanisha kitambaa, nikakilaza pembeni bila kukandamiza, nikalirudisha tenga, nikatandika blanketi juu yake.

Alisema, bado anaangalia ukuta, "Mikono yako baridi."

"Ni maji ya kitambaa, baba."

"Si vibaya. Kwa mguu huu baridi ni dawa."

Basi, hakuna kingine. Hakunitania. Hakuniita mke wake, wala haiwezekani, mimi ni binti yake. Lakini hakusema "tupishe". Na sasa amelala kweli, nimemsikiliza mara tatu.

Usifikiri wivu umekwisha. Kesho basi likiondoka nitakuonea wivu mpaka litakapopotea, na ukirudi na kofia nyeupe nitakuonea tena, na baba akiamka akiuliza "Mke wangu amefika?" nitajibu kwa meno yamebana. Nimeamua tu kwamba ni bora nikuonee wivu ukiwa muuguzi kuliko nikuonee huruma ukiwa unapiga chapa kwa kosa langu. Ukiwa umenikasirikia, panda na hasira zako, ni halali yako. Lakini shuka nazo kwenye geti la chuo, usishuke nazo kwa mjomba.

Sitakupa barua hii mkononi, unanijua. Nitaichomeka kwenye fito za tenga, upande wa ukutani, kwa sababu jioni ni wewe utakayeliinua kumwangalia mguu, kwa mara ya mwisho kabla ya safari. Isome hapohapo, mbele ya mume wako. Naye ameshasema yuko tayari kugombezwa.

Mimi nitakuwa jikoni, moto umewaka, maharage yako kwenye sufuria, na safari hii nimeyachambua sawasawa. Ukimaliza niite. Nitakuwa nasikiliza kama utaita "Yustina" au "mama mdogo", na kwa lolote utakaloita, nitaitika.

Mama yako mdogo,
Yustina